Nesi anapogeuka rafiki: Mpaka uko wapi, na ukivukwa mzazi aende wapi?

Mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akiwa na uzito wa kilo moja na nusu. Mama yake, mzazi wa mara ya kwanza, alilazwa naye kwenye wodi ya watoto njiti katika hospitali ya mkoa, mbali na nyumbani. Baba ni dereva wa lori, na wakati huo alikuwa safarini. Ndugu walikuja saa ya kuona wagonjwa, wakaacha uji na chupa ya maji ya moto, wakaondoka.

Aliyebaki naye usiku ni nesi wa zamu. Ndiye aliyemfundisha kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumfunga vizuri kwa khanga. Ndiye aliyemwelekeza namna ya kukamua maziwa na kumlisha mtoto kidogo kidogo. Mama alipolia, nesi alikaa pembeni ya kitanda.

"Mama, usilie. Huyu atakua, na wewe mwenyewe utakuja kunionyesha."

Siku ya nane nesi akampa namba yake ya simu. "Ukiona chochote na mimi sipo zamu, nipigie." Kwa mama aliyekuwa peke yake, ile namba ilikuwa kama kupata ndugu.

Wiki ya pili, ujumbe ukaanza kubadilika. Kwanza zilikuja salamu za asubuhi. Kisha malalamiko kuhusu mshahara na mwenye nyumba. Kisha ombi: "Dada, niazime elfu hamsini, mwisho wa mwezi nakurudishia." Mama akatuma. Siku chache baadaye nesi alikuja na mfuko wa nepi na kofia za watoto, akamuuzia kwa bei ya juu kuliko ya duka lililo nje ya geti. Mama akanunua.

Siku moja kabla ya kuruhusiwa, wifi yake alimtumia picha aliyoikuta kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Alikuwa ni mwanawe, mpira wa maziwa ukiwa puani, na chini yake maneno ya kumshukuru Mungu kwa kazi ya mikono ya nesi. Picha ilianzia kwenye status ya yule yule nesi.

Hakuna aliyetukanwa. Hakuna aliyepigwa. Mtoto alikuwa anaongezeka uzito. Lakini mama alihisi ameibiwa kitu, na hakujua akiite nini wala amwambie nani.

Kisa hiki ni cha mfano, na hakimhusu mtu yeyote mmoja. Mambo yaliyomo, hata hivyo, si mageni kwa mzazi aliyewahi kulala wodini. Ni mambo yanayoweza kumfikisha muuguzi mbele ya mwajiri wake, na hata mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

MPAKA WENYEWE NI NINI?

Uhusiano wa muuguzi na mgonjwa haufanani na wa majirani wawili au wa muuza duka na mteja wake. Muuguzi anaujua mwili wako, anayajua majibu ya vipimo vyako, anajua kama mumeo amekuja au hajaja. Wewe humjui zaidi ya sare yake na jina lililo kwenye beji. Yeye ndiye anayeshika dawa, faili na funguo za wodi, na wewe ndiye unayehitaji.

Kwa sababu nguvu za wawili hao hazilingani, taaluma ya uuguzi imeweka mpaka. Mpaka huo unamruhusu muuguzi kuwa na huruma, ucheshi, hata kushika mkono wa anayelia. Haumruhusu kuitumia nafasi hiyo kwa haja zake mwenyewe, ziwe za fedha, za mapenzi, za kusifiwa au za kutafuta wa kumwambia shida zake.

Swali moja linatosha kupima mambo mengi: jambo hili linafanyika kwa faida ya nani? Nesi akimpa mama namba ya simu ya wodi ili aulize hali ya mtoto, faida ni ya mtoto. Akiitumia namba ya mama kuomba mkopo, faida imehama.

Jambo la pili ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba wajibu wa kuulinda mpaka ni wa muuguzi. Hata kama mgonjwa ndiye aliyeanza utani, ndiye aliyeomba namba au ndiye aliyesisitiza kutoa fedha, anayetakiwa kusema "hapana, asante" ni mwenye leseni. Kwa hiyo mama wa kwenye kisa chetu hana sababu ya kujilaumu kwamba alijirahisisha.

Mwongozo wa mipaka ya kitaaluma uliotolewa na Baraza la Taifa la Mabaraza ya Uuguzi la Marekani, ambao hutumika sana kufundishia, unaelezea uhusiano huu kama mstari mrefu. Upande mmoja wa mstari kuna muuguzi aliyejitenga mno, asiyejali. Upande wa pili kuna aliyejiingiza mno katika maisha ya mgonjwa. Katikati ndipo msaada wa kweli ulipo. Mwongozo huo pia unatofautisha kuvuka mpaka kidogo, pengine kwa nia njema na kwa muda mfupi, na kuuvunja kabisa, pale haja za muuguzi zinapochukua nafasi ya haja za mgonjwa.

Nesi anayemnunulia uji mama aliyetelekezwa na ndugu zake amevuka kidogo, na wengi wangemsifu. Akimficha mwenzake wa zamu kwamba anawasiliana na mgonjwa usiku, hapo ni mahali pa kusimama na kujiuliza. Uvunjaji mkubwa kwa kawaida hautokei kwa siku moja. Huanza na upendeleo mdogo, ukafuatiwa na siri ndogo, kisha siri ikazoeleka.

KIJIJINI MAMBO NI MAGUMU ZAIDI

Mjini, nesi na mgonjwa wanaweza kuachana getini wasionane tena. Kwenye zahanati ya kijiji haiwezekani. Nesi anaishi kwenye nyumba ya watumishi hatua chache kutoka zahanati. Anaimba kwaya na wagonjwa wake, anacheza kikoba nao, ananunua dagaa kwao. Huenda ndiye mama wa ubatizo wa mtoto aliyemzalisha.

Hapo haiwezekani kumwambia asiwe na urafiki. Kinachotakiwa ni kutenganisha nafasi. Mgonjwa akimsimamisha sokoni na kuuliza, "Nesi, yale majibu yangu vipi?", jibu la kitaaluma ni "njoo zahanati kesho asubuhi tuzungumze." Mzazi asilione jibu hilo kuwa ni maringo. Nesi huyo anailinda siri ya anayeuliza mbele ya wauza nyanya.

UPANDE WA PILI: UKALI NA KEJELI

Mpaka huvukwa pia kwa njia iliyo kinyume na urafiki. Mama mjamzito anayefokewa, anayechapwa paja kwa sababu "hasukumi", anayekejeliwa kuhusu umri wake au idadi ya watoto alionao, au anayeachwa azae peke yake, naye amekosewa kitaaluma.

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la kutaka unyanyasaji na ukosefu wa staha wakati wa kujifungua vikomeshwe. Katika utafiti uliofanyika kwenye vituo vya afya mkoani Tanga, asilimia 19 ya wanawake waliohojiwa wakati wanatoka kituoni walisema walitendewa bila staha au kunyanyaswa. Baadhi yao walipohojiwa tena wiki kadhaa baadaye wakiwa nyumbani, kiwango kilipanda hadi asilimia 28.

Tofauti ya namba hizo mbili inafundisha jambo. Getini, akiwa na mtoto mkononi na watumishi wakimwona, mama anasema kila kitu kilikwenda vizuri. Akishafika kwake, akapumzika, akakumbuka, ndipo anasema ukweli. Ukimya wa mzazi anayetoka wodini hauthibitishi kwamba ametendewa vyema.

Mkoani humo humo yalitokea mabadiliko ya kutia moyo. Jamii, viongozi na watumishi wa afya walikaa pamoja wakaandaa mkataba wa huduma unaosema mgonjwa atarajie nini na mtumishi atarajie nini, na wodi ya wazazi ikaanza kujipima yenyewe. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa uwezekano wa mama kunyanyaswa ulipungua kwa takriban theluthi mbili. Hakuna hospitali mpya iliyojengwa kwa ajili hiyo. Watu walikubaliana mpaka uko wapi, wakauandika.

SIRI NA SIMU YA MKONONI

Zamani siri ya mgonjwa ilivuja kwa mdomo. Leo inavuja kwa kubonyeza mara moja. Picha ya mtoto njiti, ya kidonda cha ajabu au ya ukurasa wa faili hupigwa kwa nia ya kuomba ushauri, au ya kujisifia kazi nzuri, na ndani ya saa moja imefika mtaani.

Ahadi ya kutunza siri ni ya zamani katika uuguzi. Kiapo kinachohusishwa na jina la Florence Nightingale, ambacho kiliandikwa Marekani mwaka 1893, tayari kilimtaka muuguzi atunze mambo ya mgonjwa na ya familia yake. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kuhuishwa mwaka 2021, zinazungumzia pia mitandao ya kijamii.

Nchini Tanzania, siri hiyo imelindwa na zaidi ya sheria moja. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU yatunzwe kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na iliunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambako mwananchi anaweza kupeleka malalamiko.

Kwa hiyo picha ya mtoto kwenye status, hata ikiwa na maneno matamu, si jambo dogo. Mtoto hawezi kutoa ridhaa. Anayeweza kuitoa kwa niaba yake ni mzazi, na mzazi hakuulizwa.

ZAWADI, DENI NA BIASHARA

Waswahili tuna desturi ya kushukuru, na anayekusaidia huondoki kwake mikono mitupu. Mama akirudi kliniki na ndizi au keki kwa ajili ya wodi nzima, baada ya huduma kumalizika na bila kuombwa, watu wachache wataona shida.

Shida huanza zawadi inapoombwa, inapotolewa kabla ya huduma, inapokuwa kubwa au inapopelekwa kwa siri kwa mtu mmoja. Maadili ya utumishi wa umma yanamkataza mtumishi kuomba zawadi au kupokea inayoweza kuathiri kazi yake. Fedha inayodaiwa ili mtoto aonwe haraka ina jina lake, nalo ni rushwa, hata ikiitwa "ya soda" au "ya vocha". Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayepokea na anayetoa pia. Sheria hiyo inatambua vilevile rushwa ya ngono, yaani mwenye mamlaka kudai mapenzi ili atoe huduma au upendeleo.

Kuazimana fedha na kumuuzia mgonjwa bidhaa kunaonekana kwepesi zaidi, lakini kunazaa tatizo lile lile. Mama aliyekataa kununua nepi anaweza kuogopa kwamba sindano ya saa sita usiku itachelewa. Huenda isichelewe. Lakini woga huo umeingia, na ununuzi unaofanywa kwa woga si hiari.

MTOTO MKUBWA NA KIJANA

Kwa mzazi mwenye mtoto wa umri wa kwenda shule au kijana, kuna mambo mengine ya kuangalia. Uchunguzi wa sehemu za siri unapaswa kuelezwa kwanza: kwa nini unafanyika, na utafanyikaje. Mtoto mdogo awe na mzazi wake. Kijana anayetaka faragha asikilizwe, lakini ana haki ya kuomba mtumishi mwingine awepo, hasa akihudumiwa na mtu wa jinsia tofauti.

Kijana ana haki ya kuzungumza na mtoa huduma bila mzazi kusikia kila neno, na hilo lisimtie mzazi wasiwasi. La kutia wasiwasi ni mtumishi anayewasiliana na kijana kwa simu yake binafsi kuhusu mambo yasiyo ya matibabu, anayempa fedha au zawadi, anayemwambia "usimwambie mama", au anayepanga kukutana naye nje ya kituo. Ukiona hayo, usingoje ushahidi ukamilike. Yanapohusu ngono na mtoto, mahali pa kwanza ni polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Mambo ya leseni yatafuata.

MALALAMIKO YANAPITA NJIA GANI?

Kuna njia tatu, na kila moja ina kazi yake. Zinaweza kutumika kwa pamoja.

Ya kwanza ni ya mwajiri. Hapa anaanziwa muuguzi kiongozi wa wodi, kisha muuguzi mfawidhi na mganga mfawidhi wa kituo. Hospitali nyingi zina afisa ustawi wa jamii, sanduku la maoni na namba za simu za viongozi zilizobandikwa ukutani. Kwenye zahanati au kituo cha afya, mzazi anaweza kufika pia kwenye kamati ya usimamizi wa kituo au ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Wizara ya Afya nayo ina namba ya simu ya bure, 199. Mwajiri anaweza kuonya, kufungua shauri la nidhamu kwa taratibu za ajira, na katika makosa makubwa kumfukuza mtumishi kazi.

Ya pili ni ya taaluma, yaani Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Baraza ndilo linalosajili wauguzi na wakunga, kuwapa leseni na kusimamia mwenendo wao. Malalamiko hupelekwa kwa Msajili wa Baraza.

Ya tatu ni ya vyombo vya dola. Rushwa inapelekwa TAKUKURU, ambayo namba yake ya bure ni 113. Shambulio, wizi au ukatili wa kingono unapelekwa polisi.

Tofauti ya njia ya kwanza na ya pili ni muhimu. Mara nyingi mtumishi mwenye lawama huhamishwa tu. Anaondoka wodi hii kwenda ile, au wilaya hii kwenda nyingine, na tabia yake inasafiri naye. Rejista ya Baraza ni moja kwa nchi nzima. Aliyefutwa humo hawezi kufanya kazi ya uuguzi kihalali katika hospitali ya serikali, ya binafsi wala ya taasisi ya dini. Ndiyo maana kosa zito lisiishie kwenye ofisi ya metroni.

NDANI YA BARAZA

Baraza si mahakama ya jinai. Halimfungi mtu jela, na si mahali pa kudai elfu hamsini zako. Swali lake ni moja: je, mwenendo wa huyu mtu unafaa kwa mwenye leseni ya uuguzi?

Malalamiko yakipokewa, huchunguzwa kwanza kuona kama yana msingi. Muuguzi huelezwa tuhuma zake na kupewa nafasi ya kujibu na kujitetea kabla ya uamuzi. Faili la mgonjwa, ratiba ya zamu, ujumbe wa simu na maelezo ya mashahidi vinaweza kuwa ushahidi. Mlalamikaji naye anaweza kuhitajika kueleza alichoona, kwa hiyo ajiandae kusimama na maneno yake.

Tuhuma zisipothibitika, muuguzi anabaki na leseni yake. Zikithibitika, adhabu hupimwa kulingana na uzito wa kosa, kuanzia onyo na karipio, kusimamishwa kwa muda, hadi kufutwa kwenye rejista. Asiyeridhika na uamuzi ana nafasi ya kukata rufaa kwa utaratibu wa sheria.

Kwa muuguzi, kufutwa ni zaidi ya kupoteza ajira. Ni miaka ya masomo na jina lililojengwa kwa zamu nyingi za usiku. Ndiyo sababu haki ya kusikilizwa si upole kwa mkosaji. Inamlinda pia nesi aliyesingiziwa na ndugu wa mgonjwa aliyefariki licha ya juhudi zote, au aliyekataa kupokea rushwa akachukiwa.

Hapo ndipo video za mitandaoni zinapokosea. Mzazi aliyekasirika anarekodi sekunde thelathini za nesi akifoka, anazirusha Facebook, na nchi nzima inatoa hukumu kabla ya jua kuzama. Pengine nesi ana kosa kweli. Pengine alikuwa peke yake na akina mama saba, na aliyekuwa anafokewa alikuwa anataka kumwinua mtoto mwenye mpira wa oksijeni. Kurekodi wodini pia huwaanika wagonjwa wengine waliolala nyuma ya picha, na hao nao wana siri zao.

Uchovu na uhaba wa watumishi ni mambo ya kweli, na anayesikiliza shauri anapaswa kuyapima. Vinaweza kueleza kwa nini sauti ilipanda. Haviwezi kuhalalisha kofi, wala kumuomba mama wa njiti mkopo.

MZAZI AFANYE NINI?

Kwanza, aulize mapema, kwa adabu. "Samahani sista, naomba mtoto wangu asipigwe picha" ni sentensi fupi inayozuia mengi. "Naomba nikae na mwanangu wakati wa kumchunguza" ni nyingine.

Pili, aandike. Tarehe, saa, zamu, wodi, jina lililo kwenye beji, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo. Kumbukumbu ya siku ile ile ina nguvu kuliko ya baada ya mwezi. Ujumbe wa simu na risiti za kutuma fedha visifutwe.

Tatu, aeleze alichoona na kusikia, si anachodhani. "Aliniomba elfu hamsini tarehe hii, ujumbe huu hapa" inafanyiwa kazi. "Nesi yule ni mwizi" haifiki mbali, na inaweza kumrudia aliyeisema.

Nne, kama anaogopa mtoto ataathirika akiwa bado wodini, aombe kuzungumza na kiongozi faraghani au amtume ndugu, na aombe mtumishi mwingine apangiwe mtoto wake. Mambo yasiyo ya dharura anaweza kuyapeleka baada ya kuruhusiwa.

Tano, naye asimtie nesi majaribuni. Kumpenyezea noti mfukoni ili mwanao atangulie kunamrudisha nyuma mtoto wa mwenzako asiye na noti.

Mwisho, asifie panapostahili. Sanduku la maoni linapokea shukrani pia, na barua ya pongezi yenye jina la nesi huweza kuwekwa kwenye faili lake.

KURUDI WODINI

Katika kisa chetu, familia iligawanyika. Baba, akiwa njiani, alitaka picha ya nesi irushwe mitandaoni "ili akome". Shangazi alikataa katakata. "Mwanangu, huyo ndiye aliyekuokolea mtoto. Unataka kumlipa ubaya?"

Mama alikaa na maneno hayo usiku mzima. Yote mawili yalimgusa, na hakuna hata moja lililomtosha. Asubuhi alimpa wifi yake mtoto amshike, akaenda kwenye chumba cha muuguzi kiongozi akiwa na simu mkononi. Alianza na yaliyo mema: usiku ambao nesi hakulala, na namna alivyofundishwa kumlisha mtoto. Kisha akaonyesha ujumbe wa mkopo, akaeleza kuhusu nepi, akaonyesha picha.

Mwisho aliomba mambo matatu. Picha iondolewe, fedha yake irudi, na mama mwingine asiwekwe katika hali kama yake. Muuguzi kiongozi aliandika yote, akamsomea, akamwomba athibitishe, akamweleza kwamba hatua ya kwanza itachukuliwa hospitalini na kwamba asiporidhika ana haki ya kumwandikia Msajili wa Baraza.

Mchana, mama aliruhusiwa. Kwenye kadi ya mtoto iliandikwa tarehe ya kurudi kupima uzito, wiki moja baadaye, kwenye kliniki ile ile. Alikuwa na hofu ya kurudi, na ni hofu ya haki. Kama wiki ijayo atapokelewa kama mzazi mwingine yeyote, bila jicho baya wala maneno ya pembeni, atajua kwamba mpaka upo na kwamba hospitali inaulinda. Kama sivyo, namba za simu bado zipo pale ukutani.